Je, Wajua? Chuma Nacho Kina Maua!

Ukikatiza Gerezani, Kariakoo, nyundo za mafundi zinakuziba masikio. Leo tumia macho!

Je, wajua yale maua ya bati jipya hayakuchorwa na mtu? Bati huchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, joto la nyuzi 450 hivi, na zinki ikiganda inajichanulia maua yenyewe. Liinamishe juani: ua moja linawaka, jirani yake linazima!

Umewahi kukitazama vizuri kitasa kikuukuu cha shaba ya njano? Jasho la viganja huila shaba polepole, mpaka chembe zake zinaonekana kwa macho matupu. Kumbe kila anayefungua mlango ni fundi!

Mhunzi wa Kijapani naye hukunja chuma cha upanga kama mama ntilie na donge la chapati. Mikunjo 10 inatoa matabaka 1,024. Ikifika 15, ni 32,768. Huamini? Chukua kikokotoo!

Matabaka hayo ndiyo yanayochora ngozi ya upanga. Michoro iliyonyooka huitwa masame, ya vijicho vijicho huitwa mokume. Mnoaji hukaa na mawe na maji siku nyingi, ili tu uione.

Na chuma chenyewe? Mchanga mweusi, mkaa na tanuri la udongo, siku tatu usiku na mchana. Kisha tanuri linabomolewa, kila safari!

Usidhani ni Wajapani tu. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya kule Kagera walijenga upya tanuri la mababu zao. Miaka miwili baadaye, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba huko feleji ilitengenezwa miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita!

Tena, katika karne ya 12 Al-Idrisi aliandika kwamba chuma cha Sofala, Msumbiji ya leo, kilivushwa bahari hadi India. Huko kikafuliwa panga. Hebu fikiria!

Na chuma cha kutoka angani je? Kata kimondo cha chuma, kisugue, kipake asidi: mara nyingi mistari iliyopishana inajitokeza. Ilijichora chuma kilipokuwa kinapoa huko angani, kwa mamilioni ya miaka. Hakuna karakana itakayokusubiria!

Mwaka 1898 Enomoto Takeaki, mwanasiasa wa Japani, alifuliwa panga za chuma cha kimondo. Chetu cha Mbozi, takribani tani 16, bado kimelala palepale Songwe. Nenda ukakione, ila msumeno uache nyumbani!