Mmea Usio na Mizizi: Kuotesha Kuvumwani Majini kwa Somo la Sayansi

Katika mazoezi ya kufundisha, wengi wetu huandika ubaoni kwamba kila mmea una mizizi, shina na majani. Sisi pia tuliandika hivyo, mpaka mtoto mmoja wa Darasa la Nne alipotuletea kiganjani bonge la kijani alilolibandua ukutani mwa kisima, akauliza mizizi yake i wapi. Tulimjibu kwamba ule ni uchafu tu. Lilikuwa jibu baya, nasi twaandika makala haya ili mwanachuo asilirudie.

Kuvumwani ni mmea kamili. Hujitengenezea chakula kwa mwanga kama mhindi ufanyavyo, lakini haina mizizi ya kweli, wala haitoi maua wala mbegu. Nyuzi nyembamba zilizo chini yake kazi yake hasa ni kujishikiza. Katika kuvumwani ya majini, maji na chumvichumvi hupenya kwa vijani vyenyewe. Ile ya ukutani haifai kwa somo tulilokusudia, kwa kuwa ikizamishwa aghalabu huoza. Iliyo rahisi kutunzwa majini ni kuvumwani ya Java, yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki. Wataalamu huiita Taxiphyllum barbieri, ingawa vitabu vingi vya zamani vya wafugaji wa samaki viliipa jina la mmea mwingine, Vesicularia dubyana. Hupatikana kwa wafugao samaki wa mapambo mijini, na konzi moja yatosha shule nzima, maana kipande kilichokatika huweza kukua kikawa mmea.

Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana, au tangi la samaki kama lipo. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku moja au mbili kabla ya kutumiwa. Tandaza kuvumwani juu ya jiwe, uifunge kwa uzi wa pamba. Tabaka liwe jembamba, twasisitiza, kwani bonge nene huoza katikati pasipofika mwanga. Hustawi vyema maji yakiwa na joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Huvumilia hata karibu na 30, basi shule za pwani zitafute mahali penye ubaridi. Jua kali la dirishani ni adui. Sisi tulidhani mwanga mwingi ungeiharakisha, kumbe tulikuza mwani, ule utelezi wa kijani, ukajisokota ndani yake hata tukashindwa kuutoa. Badilisha robo ya maji kila wiki, kisha subiri. Wiki za mwanzo utadhani haikui kabisa, na wapo waliokwisha kuitupa wakati huo.

Jambo moja lisisahauliwe: maji yaliyotulia ni mazalio ya mbu. Mdomo wa chupa ufunikwe kwa kitambaa cha chandarua. Katika tangi, samaki wadogo watakula viluwiluwi. Mwalimu aletaye malaria darasani kwa ajili ya somo la sayansi hana la kujitetea. Maji yaliyotolewa yamwagwe bustanini, wala si mtoni, maana kipande kidogo cha mmea huu mgeni chaweza kuenea huko.

Kuvumwani ikishastawi, watoto wakate ncha kadhaa zisizo na nyuzi hata moja, wazipime kwa rula na kuziacha zielee katika chupa ya pili. Wapime tena kila wiki na kuandika. Wakiona ncha hizo zinarefuka, mwalimu asieleze neno kwanza. Awape lile jiwe walisukesuke majini, kisha awaulize nyuzi zina kazi gani.

Darasa letu lilichukua majuma sita. Yule mtoto wa kisimani ndiye aliyekwenda ubaoni, akafuta neno “kila” na kuandika “mimea mingi ina mizizi.”