Wingu, Ukungu na Ukingo: Hesabu Ifanyike Wapi?

Mwenye kutaka kununua mtambo wa kupimia unyevu wa mazao huenda akatajiwa maneno matatu: wingu, ukungu na ukingo. Asidhani ni khabari za mvua. Maneno haya yaonyesha tu kompyuta inayofanya hesabu ipo wapi.

Wingu ni kompyuta nyingi zilizowekwa katika majumba ya mbali, nasi tukakodi nguvu zake kwa njia ya intaneti. Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha hivi mwaka 2006. Faida yake ni nafasi kubwa, nawe walipia ulichotumia tu. Ila khabari lazima ziende na kurudi. Njia ikikatika, kazi husimama.

Ukingo ni kinyume chake. Hesabu yafanyika papo hapo, ndani ya chombo chenyewe au kando yake. Jawabu latoka upesi, hata bila ya intaneti. Lakini chombo kidogo kina uwezo mdogo, na kila kimoja chataka kutunzwa.

Ukungu umesimama katikati. Jina hili lilienezwa na kampuni ya Cisco mwaka 2012, kwani ukungu ni wingu lililoshuka karibu na ardhi. Kompyuta moja, tuseme katika ghala ya chama, hukusanya khabari za mashamba jirani, huzichuja, kisha hupeleka mbali zinazohitajiwa tu.

Natutoe mfano. Karafuu zimeanikwa, na mvua yaja. Onyo la kuanua lisingoje jawabu kutoka ng'ambo. Hiyo ni kazi ya ukingo. Kulinganisha unyevu wa mashamba kumi ni kazi ya ukungu. Kuhifadhi hesabu za mavuno ya miaka mingi, zisipotee hata ghala ikiungua, ni kazi ya wingu.

Tusidharau khabari ya njia kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za upande wetu. Mvua haingoji waya utengenezwe.

Basi kabla ya kutia saini, mwanachama amwulize mwuzaji: intaneti ikikatika siku tatu, mtambo huu utaendelea na kazi gani, na hesabu zangu zitakuwa wapi? Asiyeweza kujibu, tusimpe fedha zetu.

Katibu