Kozi za Mtandaoni Zivuke Bahari

Miongoni mwa wateja wa simu za mkononi katika maduka ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, wamo ndugu zetu waliovuka maji kutoka Unguja, Pemba na Mafia. Simu hizo ndizo darasa la siku hizi. Mhudumu wa zahanati, karani na mwalimu wa kisiwani hutakiwa wasome kozi za kazi kwa njia ya mtandao, na aghalabu kozi hizo hutungwa katika ofisi za mjini Dar es Salaam, na mtu ambaye hajui adha ya kukatikiwa na intaneti. Hapo ndipo penye neno.

Programu inayotumika sana kutungia kozi za namna hiyo ni Moodle, ambayo Martin Dougiamas wa Australia aliitoa mwaka 2002, nayo haiuzwi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vinaitumia. Toleo la 4.5, la Oktoba 2024, lilikuja na akili mnemba ya kumwandikia mtunzi maneno na kumfupishia msomaji ukurasa mrefu. Hatulipingi jambo hilo. Ila kazi hiyo hufanywa na mitambo iliyo mbali, na asiye na bando hafaidiki nayo hata chembe.

Lililo kubwa zaidi limo humo tangu zamani, wala halina makeke. Kwa programu ya simu ya Moodle, msomaji huweza kupakua masomo akiwa penye mtandao, akayasoma chomboni au shambani, na majibu yake yakapelekwa mtandao urudipo. Hata jaribio huweza kufanywa hivyo, lakini sharti mtunzi aruhusu kwa makusudi. Tena akiweka kikomo cha dakika, au akimlazimisha msomaji ajibu maswali kwa mfuatano bila kurudi nyuma, ruhusa hiyo hufungika. Afisa mmoja hubonyeza alama moja mezani kwake, na watumishi wa kisiwa kizima wakabaki nje ya darasa.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili kabla ya kompyuta. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo iko jirani tu na Kariakoo, watu wapatao milioni 2 walisoma kwa vikundi. Waandaaji hawakudhani kwamba kila mwananchi ana redio yake. Kikundi kizima kilisikiliza redio moja, na kipindi kilipokwisha, kitabu kilibaki mkononi.

Twaziomba wizara za Serikali zote mbili, kabla hazijalipia kozi yoyote, ziijaribu kwanza kwa simu ya bei ndogo iliyozimwa mtandao. Ikikataa kufunguka, irudishwe kwa aliyeitunga.