Miguu kama Matini: Mitindo ya Mwomboko

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaokwenda nyanjani Thika na Ruiru aghalabu hurudi na maneno ya nyimbo za mwomboko, bila hata sentensi moja kuhusu miguu. Pengo hilo si dogo, kwani katika ngoma hii miguu nayo ni matini.

Mwomboko ulishamiri miongoni mwa Wakikuyu katika miaka ya 1940. Akodioni na athari za walzi na dansi za Waskoti zilitoka kwa Wazungu. Wenyeji wakatia karing'aring'a, yaani pete ya chuma igongwayo kwa ufito. Umbo la msingi ni hatua mbili na kuinama. Wepesi huo ni wa kuhadaa. Jozi moja yaweza kuzunguka papo hapo baada ya kuinama, nyingine ikasogea mbele kwanza, nyingine ikauchelewesha mkunjo kidogo ili kuitania ala. Lakini anayezidisha madoido hata mkunjo ukapotea, huyo ameuacha mwomboko.

Katika dansi ya kontra ya Marekani, ambako wachezaji hujipanga safu mbili, yupo mwitaji anayetangaza kila umbo. Mwomboko hauna mwitaji wa namna hiyo. Jozi husikiliza akodioni na kuamua. Kwa hiyo uamuzi huo haumo katika maneno yanayonakiliwa.

Mashamba ya kahawa ya Ruiru yanageuka mitaa, na wazee wanaozijua tofauti hizi wanapungua. Mtafiti na aandike kando ya kila ubeti: nani aligeuka, upande upi, na kwenye neno gani.