MBUZI AFUNGWE, LAKINI ALE NINI?

Hapa Kindu, iwe Kasuku, Mikelenge ama ng'ambo ya mto kule Alunguli, ugomvi unaweza kuanza na kitu kidogo: mbuzi asiye na kamba. Anaingia katika shamba la jirani, anamaliza matembele. Mwenye shamba anachukua panga. Ikifika jioni, watu hawasemi tena habari ya mbuzi. Wanasema kabila la mwenye mbuzi.

Sheria inasemaje? Kanuni ya Madai ya nchi yetu, Kitabu cha Tatu, kifungu cha 261, inasema mwenye mnyama ndiye anayejibu kwa hasara aliyoleta mnyama wake, hata kama alipotea ama alitoroka. Basi usiseme: "Mimi sikumtuma." Lakini nawe mwenye shamba, sheria haikupi ruhusa ya kumkata mbuzi. Kuua mnyama wa mwenzako kwa ubaya, bila lazima, ni kosa la kuadhibiwa. Haki yako ni kulipwa.

Utaniuliza: nikimfunga, atakula nini? Kwanza, majani ya kukata, kwetu hayakosi. Lakini siku ambayo huwezi kwenda kuyakata, kwa ugonjwa ama kwa sababu njia si salama, kuna msaada: mahindi yaliyooteshwa.

Chukua kilo 1 ya mahindi mazima, yasiyotiwa dawa. Yaoshe, uyaloweke saa 12 mpaka 24. Mwaga maji, kisha yatandaze katika beseni lililotobolewa chini, unene usipite sentimita 2. Yaweke kivulini, uyanyunyizie maji safi mara 2 ama 3 kwa siku, lakini maji yasisimame. Baada ya siku 7 ama 8 majani yanafika karibu sentimita 15, na mizizi imeshikana kama mkeka. Mpe mbuzi yote, majani na mizizi, pamoja na majani mengine. Nguruwe na kuku nao wanakula.

Nisikudanganye. Kilo 1 inaweza kutoa kilo 5 ama zaidi, lakini sehemu kubwa ni maji. Chakula chenyewe hakikuongezeka. Kwa hiyo usitoe mahindi ya watoto kwa ajili ya mbuzi. Ukiona ukungu, tupa yote. Na usioteshe mtama: machipukizi yake yana sumu.

Kabla ya majira ya kupanda, wenye mbuzi na wenye mashamba waketi pamoja mbele ya shefu wa mtaa. Wapatane wapi mbuzi watafungwa, na hasara italipwa namna gani. Mapatano yaandikwe, mashahidi wawepo. Ni heri kubishana mchana juu ya urefu wa kamba kuliko kuamshwa usiku kwa sababu ya panga.