Dino Zoff, Kipa wa Maneno Machache (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Dino Zoff akiwa katika kilele cha sifa zake: dakika 1,142 langoni mwa Italia bila kufungwa, tangu Septemba 1972 hadi Juni 1974, Emmanuel Sanon wa Haiti alipomtoka na kutia mpira wavuni. Leo tunaingia katika miaka iliyomtesa. Asiyeijua miaka hiyo hataelewa kwa nini Waitalia walimpenda kiasi kile.

Kombe la Dunia, Argentina, 1978. Zoff ana miaka 36. Arie Haan wa Uholanzi anaachia shuti kutoka mbali sana, mpira unagonga nguzo na kuzama wavuni. Katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu, Nelinho na Dirceu wa Brazil nao wanamfunga kwa mashuti ya mbali. Lawama zikamwangukia yeye: mzee haoni tena! Kwa maoni yangu alionewa. Shuti la Nelinho lilipinda hewani kiasi kwamba hata leo makipa wanalitazama na kutikisa kichwa. Zoff hakujitetea, naye kocha Enzo Bearzot hakumwacha.

Miaka minne baadaye wakaenda Hispania, Zoff akiwa nahodha mwenye miaka 40. Italia ikatoka sare mechi zote tatu za kwanza, na magazeti ya kwao yakawaandama wachezaji mpaka wakaapa kutosema nao. Aliyeruhusiwa kuzungumza kwa niaba ya wenzake alikuwa nahodha peke yake, mtu aliyejulikana nchi nzima kwa ukimya wake!

Kisha ikaja Julai 5, uwanja wa Sarrià, Barcelona. Brazil ilihitaji sare tu. Paolo Rossi alikuwa amefunga mabao matatu, Italia ikiongoza 3-2, dakika zikiyoyoma, pale Oscar alipopiga kichwa cha nguvu kuelekea pembeni mwa lango. Zoff akaruka kushoto kwake, akaudaka na kuugandamiza juu ya mstari. Wabrazil wakadai bao. Kipa mwingine angeutema, na mpira uliotemwa pale ungemkuta mshambuliaji. Kuudaka moja kwa moja ndiko kulikoitoa Brazil mashindanoni. Filimbi ilipolia, Zoff alimwendea Bearzot akambusu shavuni.

Julai 11, Madrid, Italia iliifunga Ujerumani Magharibi 3-1, na Zoff akawa mchezaji mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kutwaa Kombe la Dunia. Serikali ikatoa stempu iliyochorwa na Renato Guttuso: mikono ya Zoff ikiinua kombe. Ndani ya ndege ya kurudi Roma alipigwa picha akicheza karata na Rais Sandro Pertini, Bearzot na Franco Causio, kombe likiwa mezani. Picha hiyo ilienea nchi nzima.

Alistaafu mwaka 1983, akiwa amechezea taifa mechi 112. Wiki ijayo: Zoff kocha, na maneno ya Silvio Berlusconi yaliyomfanya ajiuzulu mwaka 2000.