UKIMPENDA MTU MWENYE PINGU KIUNONI

Kazi ya polisi haianzii kituoni. Inaanzia sebuleni kwako!

Mpenzi msomaji, hebu tuwe wakweli. Ukisikia shoga yako kaposwa na askari polisi, unawaza nini kwanza? Wengi tunawaza mawili: ama "huyo hela za barabarani hazimkauki", ama "maskini, atakuwa mjane mapema". Tunacheka, tunaendelea na soda zetu. Lakini katikati ya utani huo kuna mtu anayeamka, anavaa magwanda, na kabla jua halijazama atakuwa ameshaamua mambo ambayo mimi na wewe tungeomba tukayalalie kwanza.

Mwezi huu tumzungumzie huyo. Na tusianzie Dar, tulikozoea. Twende Mnero.

KULE KILA MTU NI NDUGU

Kwa ambaye hajafika, Mnero iko kusini, mkoa wa Lindi, upande wa Nachingwea na Ruangwa. Ni nchi ya Wamwera, ya korosho na ufuta, na ina hospitali ya misheni ambayo watu wa vijijini huikimbilia. Sehemu kama hiyo askari hajifichi kwenye umati. Fundi wa baiskeli anamjua, mama muuza mihogo anamjua, mwalimu wa mwanae anamjua. Ukimkamata kijana asubuhi, jioni unakutana na mama yake msibani, na lazima umpe shikamoo.

Halafu msimu wa korosho unafika, kuanzia Oktoba hivi. Hela inaingia, pikipiki mpya zinaingia na, tusifichane, wengine wanaingiza na mke mpya! Ugomvi wa hela nao unapiga hodi kaunta.

SAA TANO USIKU, UNGEFANYAJE?

Tuseme wewe ndiye uko doria. Inakuja bodaboda haina taa, dereva hana kofia ngumu, abiria wawili. Unamulika tochi, kumbe mama wa katikati uchungu umembana, anawahishwa hospitali. Sheria inasema simamisha. Roho inasema pisha. Ukimpisha, kesho kila asiye na leseni atakuwa na mgonjwa. Ukimzuia, na mama akazidiwa hapo, utalala kweli?

Kwangu mimi jibu ni hili: mama kwanza. Namba ya pikipiki iandikwe, dereva aitwe kesho asubuhi. Sheria haijafa, imesubiri tu kidogo.

Usidhani ni jambo dogo. Januari 2013, Masasi, jirani kabisa wa Nachingwea, mvutano wa polisi na vijana wa bodaboda uligeuka moto wa kweli. Magari, majengo ya umma na nyumba za viongozi vilichomwa, na kuna waliopoteza maisha. Wakati huo Mtwara hasira za bomba la gesi zilikuwa zimeshapanda. Aprili mwaka huohuo, Liwale nako nyumba zikaungua kwa sababu ya malipo ya korosho. Kuni zilikuwa kavu siku nyingi, na askari wa barabarani siye aliyezikusanya. Ila mahali penye kuni kavu, lugha anayotumia kumsimamisha kijana inaweza kuwa maji au kiberiti.

"YAMALIZENI NYUMBANI"

Sasa hili linatuhusu sisi wenye ndoa na wachumba. Dada anaingia kituoni, jicho limevimba. Mumewe ni nani? Yule anayecheza bao na mkuu wa zamu kila Jumapili! Maneno mepesi kuliko yote ni "yamalizeni nyumbani". Yanaonekana ya hekima, yanalinda urafiki, na hayahitaji hata kalamu.

Lakini dada akirudi nyumbani bila fomu ya PF3 na bila namba ya RB, anarudi na nini? Anarudi na mume aliyejua kuwa polisi hawatamgusa. Jeshi lilianzisha madawati ya jinsia na watoto kwa ajili ya mtu kama huyu, asikilizwe faraghani na mtu aliyefundishwa. Dawati likiwa mbali, uamuzi unabaki kwa askari aliye kaunta. Kuandika maelezo siyo kuvunja ndoa ya watu. Kipigo ndicho kilichoivunja.

KIDOLE KWENYE TRIGA

Kuna maamuzi yanayosubiri asubuhi, na kuna mengine ni ya sekunde mbili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 haimruhusu askari kutumia nguvu kupita inayohitajika kumkamata mtu. Kwenye karatasi ni sentensi fupi. Mtaani, kuna mawe, kelele, jasho na amri kutoka nyuma.

Sisi waandishi hatuwezi kuisahau Septemba 2, 2012. Kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu akiwa kazini. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja miaka 15 jela kwa kuua bila kukusudia. Familia moja ilipoteza baba kaburini. Nyingine ilibaki kupeleka chakula gerezani. Sisemi maumivu hayo ni sawa, hapana. Nasema yote yalitoka kwenye kidole kimoja.

NAYE ANAKUFA

Tuwe na haki pia kwa upande wa pili. Usiku wa Julai 12, 2015, majambazi walivamia kituo cha Stakishari, Ukonga, wakaua watu 7, wakiwamo askari 4, na kuondoka na silaha. Aprili 13, 2017, Kibiti, kwenye barabara hiihii ya kwenda Lindi, askari 8 waliokuwa kwenye gari wakitoka kazini walishambuliwa na kuuawa. Ukipanda basi la Nachingwea kutoka Dar, unapita wilaya hiyo. Hebu fikiria walioachwa wakiwa wamefunika chakula mezani.

Baada ya mambo kama hayo, askari anamwonaje mtu anayeingiza mkono ndani ya koti usiku? Hofu nayo inataka kuamua. Kazi yake ni kuinyima nafasi, na hilo ndilo gumu kuliko kulenga shabaha.

UAMUZI UNAANZIA SEBULENI

Ndiyo maana nasema, ukimpenda askari, nawe uko kazini. Mambo manne tu:

1. Mwache alale. Ametoka lindo la usiku, wewe unataka mkapige picha za harusi ya binamu! Mtu asiyelala siku mbili huwa na hasira za karibu, na ana bunduki.

2. Usimpeleke barabarani na bajeti yako. Ukimwambia "wenzako wamenunua makochi, wewe sijui unafanya kazi gani", umeshamwandikia bei ya kumwachia dereva mlevi. Ndoa ikihesabu rushwa kama mshahara, siku anayoikataa mtagombana.

3. Muulize amejisikiaje, usimuulize nani kakamatwa. Siri za kituo zikifika saluni, kuna shahidi ataumia.

4. Akirudi kimya, usikimbilie kuhisi ana mwanamke. Huenda ametoka kuokota maiti za ajali. Mpe maji ya kuoga, kaa karibu. Akizidi kunywa au kunyamaza, mshawishi aende hospitali aongee na mtaalamu. Siyo uchizi jamani, ni kuchoka.

Na ukiwa unapigwa na huyohuyo askari? Magwanda siyo kinga. Nenda kituo kingine, nenda dawatini, nenda kwa mkubwa wake. Pingu amepewa kwa ajili ya wahalifu, wewe ni mke.

Kwa hiyo shoga yako akiposwa na askari, usimuulize ana nyota ngapi begani. Muulize huwa anaamua nini wakati hakuna anayemwona. Hapo ndipo utajua kama ni mume.